Kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge la Kenya: mwongozo kamili, kuanzia tangazo hadi ripoti

Swali la kwanza utakaloulizwa na kamati ya Bunge, hata kama umesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Lodwar, ni hili: "Unazungumzia kifungu gani?" Anayejibu kwa nambari husikilizwa. Anayejibu kwamba anazungumzia mswada wote hupewa pole na kushukuriwa kwa kufika, kisha jina la chama chake huandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria. Kinachowatofautisha hawa wawili si shahada ya sheria. Ni kazi iliyofanyika siku chache kabla ya kikao, na mwongozo huu unaifuata kazi hiyo hatua kwa hatua.

Nimechagua Bunge la Kitaifa la Kenya kwa sababu Katiba ya 2010 imeiandika haki hii waziwazi. Ibara ya 118 inalitaka Bunge liendeshe shughuli zake hadharani, vikao vya kamati vikiwemo, na liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria na katika shughuli zake nyingine. Umma na wanahabari hawawezi kufungiwa nje ila katika hali ya kipekee, Spika akiwa ameridhika kwamba kuna sababu ya haki. Kwa hiyo hakuna anayekufanyia hisani kwa kukuruhusu uingie.

Kwanza, jua umeitwa kwa shughuli gani

Watu wengi huandika barua ya aina moja kwa kila kamati. Hapo ndipo hupotea, maana kila shughuli ina karatasi yake.

Kinachowaita watu wengi zaidi ni mswada. Ukishasomwa mara ya kwanza, mswada hupelekwa kwa kamati ya idara inayohusika, iwe Fedha na Mipango ya Kitaifa, Afya, Elimu, Ardhi au nyingineyo. Kanuni ya Kudumu ya 127, mojawapo ya kanuni ambazo Bunge limejiwekea za kuendesha shughuli zake, inaitaka kamati hiyo iushirikishe umma kwa kuomba maoni ya maandishi, kufanya vikao vya wazi, na kushauriana na wadau wa sekta na wataalamu. Hapa unahitaji waraka wa maoni, ule ambao wengi huuita memoranda. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inauhusu.

Bajeti ina msimu wake. Makadirio ya matumizi ya serikali yanatakiwa kufika Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kumalizika, yaani kufikia tarehe 30 Aprili. Ibara ya 221 inaitaka kamati inayoyachambua itafute maoni ya wananchi na kuyazingatia. Kwa hiyo Mei ndio mwezi wa kazi. Kosa la kawaida hapa ni kuomba fedha ziongezwe bila kusema zitoke wapi. Wabunge wanagawana mkate ambao ukubwa wake umeshajulikana. Ukisema "ongezeni milioni ishirini kwenye zahanati", taja pia fungu unalotaka lipunguzwe, kwa jina lake na kiasi chake kama kilivyo kwenye kitabu cha makadirio.

Uteuzi ni jambo jingine kabisa. Rais anapopendekeza jina la waziri au balozi, raia anaruhusiwa kupinga kufaa kwa mtu huyo. Lakini Sheria ya 2011 ya kuidhinishwa kwa uteuzi na Bunge inataka pingamizi liwe taarifa ya maandishi iliyoapiwa, na imfikie Karani wa Bunge kabla ya siku ya mahojiano. Barua ya kawaida, hata ikiwa na ushahidi mzito, haina nguvu hapo. Nenda kwa kamishna wa viapo kwanza.

Kamati ya Hesabu za Umma huchambua ripoti za Mkaguzi Mkuu, na wanaokaa kwenye kiti cha moto ni makatibu wa wizara na maafisa wao wa hesabu. Nenda ukasikilize. Hiyo ndiyo shule bora ya kujua wabunge wanavyouliza maswali, na haina ada.

Tangazo, na kwa nini usilisubiri

Tangazo la kualika maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge. Likitoka, toa kalamu uweke alama kwenye vitu vinne: jina kamili la mswada na nambari yake, jina la kamati, tarehe na saa ya mwisho (mara nyingi saa kumi na moja jioni), na njia za kuwasilisha. Kwa Bunge la Kitaifa, waraka huelekezwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, S.L.P. 41842-00100, Nairobi, au hupelekwa kwa mkono ofisini kwake kwenye Majengo Makuu ya Bunge, au kwa barua pepe cna@parliament.go.ke. Kamati nyingine huongeza anwani yao wenyewe. Ukiiona kwenye tangazo, tuma kote kuwili. Seneti ina karani wake, usichanganye.

Kata tangazo hilo gazetini, au lipige picha, ulihifadhi. Litakufaa mbele ya safari.

Shida ni kwamba ukisubiri tangazo utakuwa umechelewa. Siku wanazotoa ni chache, na kwa maoni yangu mara nyingi ni chache mno kwa mswada wenye kurasa mia. Ila mswada wenyewe huchapishwa kwenye nyongeza ya Gazeti Rasmi la Serikali kabla ya kamati kuitisha maoni, na hupatikana kwenye tovuti ya Bunge na ya Kenya Law. Shirika la Mzalendo nalo lina jukwaa liitwalo Dokeza ambapo miswada huwekwa ili watu waitolee maoni. Mteue mtu mmoja katika chama chenu awe anapita huko kila Jumatatu.

Mswada wa Fedha haufai kumshtua mtu. Kila mwaka huja kati ya mwisho wa Aprili na Mei, na kila mwaka lazima umalizike kabla ya tarehe 1 Julai. Chama cha wafanyabiashara kinachokutana kwa mara ya kwanza tarehe 20 Mei kujadili kodi kimejichelewesha chenyewe.

Angalia pia kama mswada unagusa kaunti. Ukiwa unazigusa, utapita na Seneti, na huko nako kuna kamati na mwaliko wa maoni. Una nafasi mbili. Mswada wa fedha hauna nafasi hiyo ya pili, kwa kuwa Katiba inauacha mikononi mwa Bunge la Kitaifa peke yake.

Soma mswada kuanzia nyuma

Kurasa za mwisho za mswada zina maelezo ya madhumuni na sababu, yaliyotiwa sahihi na aliyeuleta. Hapo, kwa lugha nyepesi kuliko ya vifungu, utaambiwa kila sehemu inakusudia nini, kama mswada unampa waziri uwezo wa kutunga kanuni, kama unabana haki yoyote, kama unahusu kaunti, na kama utagharimu fedha za umma. Anza hapo. Soma mara mbili.

Kisha rudi mbele kwenye tafsiri ya maneno. Mambo mengi huamuliwa pale bila kelele. Sheria ikisema "mfanyabiashara ni mtu yeyote anayeuza bidhaa", basi mama mboga wa kibandani ameshaingia, na adhabu iliyo kifungu cha arobaini ni yake pia. Baada ya tafsiri, rukia makosa na adhabu. Halafu tafuta kila mahali palipoandikwa kwamba waziri "anaweza kutunga kanuni". Ada, leseni na masharti ya kila siku hufichwa humo, na yatakuja kuandikwa baadaye wakati hakuna anayeangalia.

Mswada wa marekebisho una taabu yake. Utakuta kifungu kinasema tu kwamba neno fulani lifutwe na jingine liwekwe, na usipokuwa na sheria mama mkononi hutaelewa chochote. Mara nyingi vipande vya sheria vinavyoguswa huchapishwa mwishoni mwa mswada, lakini ni vipande tu. Tafuta sheria nzima.

Ukimaliza, chagua vifungu vitatu. Vinne kama huna budi. Najua mswada una mabaya kumi na saba. Waachie wengine yale kumi na manne. Kamati inayopokea mamia ya nyaraka hukumbuka chama kilichosema jambo moja vizuri.

Waraka wenyewe

Ukurasa wa kwanza ni wa heshima na utambulisho: kwa Karani, yah: jina na nambari ya mswada, kisha aya mbili za kusema ninyi ni nani. Semeni mko wangapi, mnafanya kazi gani, wapi, tangu lini. Msijisifu. Kamati inataka kujua tu kama mnalifahamu jambo kwa kuliishi.

Baada ya hapo weka jedwali lenye safu nne: nambari ya kifungu, mswada unasema nini, mnapendekeza kisomeke vipi, na kwa sababu gani. Makarani wa kamati watatengeneza jedwali la namna hiyohiyo kwa ajili ya wabunge, na ndilo huingia kwenye ripoti. Ukileta lako limeshapangwa, maneno yako yatahamishwa yalivyo. Ukileta kurasa sita za kulalamika, kuna mtu aliyechoka atakayezifupisha kuwa sentensi moja, na sentensi hiyo ataichagua yeye.

Safu ya tatu ndiyo roho ya waraka. Tuchukue mfano wa kubuni. Mswada wa maziwa unasema, kifungu cha 14(2): "Mtu yeyote anayesafirisha maziwa kwa biashara atatumia chombo chenye mtambo wa kupoza." Wachuuzi wa maziwa wanaotumia pikipiki wataandika nini? Wengi wangeandika: "Kifungu hiki kinawakandamiza wanyonge, kiondolewe." Mshauri wa sheria wa kamati hana la kufanya na sentensi hiyo. Andika hivi badala yake:

"Futa kifungu kidogo cha (2) na uweke: '(2) Mtu anayesafirisha zaidi ya lita mia mbili za maziwa kwa siku kwa biashara atatumia chombo chenye mtambo wa kupoza. (2A) Mtu anayesafirisha kiasi kisichozidi hicho atatumia chombo cha chuma kisichoshika kutu chenye mfuniko, na atafikisha maziwa ndani ya saa tatu baada ya kukamuliwa.'"

Hapo umeulinda usalama wa mlaji, umemwokoa mchuuzi, na umempa mwanasheria wa Bunge maneno ya kunakili. Mbunge akikubaliana nawe, kazi yake imebaki ndogo. Kama hamna wakili, msiogope. Andikeni kwa maneno yenu kadiri mwezavyo, kwa kuwa kusahihisha sarufi ya sheria ni kazi ya wanasheria wa Bunge.

Neno moja tu laweza kupita kwa njia hii. Ng'ambo ya mpaka, Januari 2024, Kamati ya Utawala, Katiba na Sheria ya Bunge la Tanzania ilipokea wadau Dodoma kuhusu miswada ya uchaguzi. Mmoja wao uliingia ukiitwa wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Ukatoka ukiwa Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Kama neno "Huru" limebadilisha zaidi ya kibao cha ofisi ni mjadala mwingine, na Watanzania wanaendelea nao.

Kuhusu lugha: Ibara ya 120 inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na shughuli zaweza kuendeshwa kwa yoyote kati ya hizo. Waraka wa Kiswahili hauwezi kukataliwa kwa kuwa ni wa Kiswahili. Ila miswada huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo ushauri wangu ni huu: eleza hoja zako kwa lugha unayoimudu, lakini yale maneno ya safu ya tatu yaweke pia kwa lugha ya mswada. Mwalimu wa sekondari ya karibu atawasaidia. Anayetumia Lugha ya Ishara aseme mapema kwa karani ili mkalimani atafutwe.

Sasa safu ya nne, sababu. Kusema "maisha ni magumu" ni kweli, na kila mtu kwenye chumba kile anajua. Sababu inayomfanya mbunge ainue kichwa ni ile inayoonyesha jinsi kifungu kitakavyokwama kikianza kutumika. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000, ilipwe mtu anapokata bima. Watu wengi waliipinga kwa uchungu wa mfuko. Kampuni za bima zilikuja na hoja ya namna nyingine: kodi ikitozwa palepale bima inapokatwa, wenye magari wataikimbia bima kubwa na kushuka kwenye ile ndogo inayomlipa mtu wa tatu tu, na soko la bima litaumia. Hoja hiyo inamgusa hata mbunge asiyejali bei ya gari lako, kwa sababu inaonyesha kodi ikijiharibia yenyewe.

Tarehe 18 Juni 2024 ilitangazwa kwamba kodi hiyo imeondolewa, pamoja na VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Sitajifanya kwamba karatasi pekee ndizo zilizoiondoa. Siku hiyohiyo vijana walikuwa barabarani Nairobi, na wiki moja baadaye, baada ya wabunge kuupitisha mswada tarehe 25 na damu kumwagika, Rais alikataa kuutia sahihi. Lakini mbunge anayetafuta njia ya kurudi nyuma huhitaji sababu ya kuandika kwenye ripoti, na hasira haiandikiki. Hoja kama ile ya bima huandikika.

Takwimu mtazitoa wapi? Anzeni na zenu. Waulizeni wanachama ishirini wanatumia kiasi gani kwa wiki, mwandike mliwauliza wangapi na lini, na msizidishe. Takwimu ndogo ya kweli haipasuki ukihojiwa. Mkihitaji rekodi za ofisi ya serikali, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi, muda unaoweza kupita tarehe ya mwisho ya maoni. Ndiyo maana nikasema msisubiri tangazo.

Urefu: kurasa nne zatosha, viambatisho kando. Tieni nambari kwenye kurasa na sahihi mwishoni. Tumeni nakala mbili za faili, moja ya PDF na nyingine ya Word, ili karani aweze kunakili jedwali bila kulichapa upya. Na kumbukeni kuwa waraka huu ni wa umma na waweza kuambatishwa kwenye ripoti. Msiweke humo nambari za simu za wanachama au habari za ugonjwa wa mtu.

Neno kuhusu barua za kunakili, zile ambazo watu elfu hutuma maandishi yaleyale. Zinaonyesha idadi, na idadi ina uzito wake wa kisiasa, lakini kwenye jedwali zitahesabiwa hoja moja. Waraka mmoja wenye sahihi elfu hufanya kazi ileile bila kumchosha karani.

Kuuwasilisha

Ukiupeleka kwa mkono, beba nakala mbili na usiondoke kabla yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ukiutuma kwa barua pepe, omba uthibitisho, na usipoupata kesho yake piga simu ofisi ya karani. Katika barua ya kusindikiza andika sentensi moja ya kuomba kufika mbele ya kamati kuzungumza. Usipoomba, huenda wakachukulia kwamba karatasi imetosha.

Na usipoitwa je? Usivunjike moyo. Katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya BAT, mwaka 2019, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kushirikisha umma si lazima kuwe kwa kuzungumza ana kwa ana. Maandishi nayo yanatosha, na kutosikilizwa mtu mmoja hakubatilishi zoezi zima. Hukumu hiyohiyo ilisema pia kwamba zoezi lisiwe la kujipamba, na kwamba wananchi waelimishwe kwanza kuhusu jambo wanaloulizwa. Inauma pande zote mbili, kama unavyoona.

Siku ya kikao

Vikao hufanyika Bunge Tower, lile jengo refu lililofunguliwa Aprili 2024, au County Hall, au mahali pengine kamati itakapopanga. Thibitisha chumba na saa jioni ya kuamkia siku hiyo, maana hubadilika. Beba kitambulisho. Fika mapema, kwa sababu ukaguzi langoni una foleni na jina lako linaweza kuwa halijashushwa getini.

Ndani utakuta mwenyekiti, wajumbe, makarani wa kamati, mshauri wa sheria na mtafiti. Kikao hufunguliwa kwa sala, watu hujitambulisha, kisha mwenyekiti hukupa nafasi. Wabunge wataingia na kutoka katikati ya maneno yako. Usichukulie kuwa dharau, wana kamati nyingine. Mtu wa kumwangalia ni yule anayeandika. Akiinamisha kichwa na kalamu ikaenda, umefika.

Jiandae kwa dakika tano hata ukiahidiwa ishirini. Usiusome waraka, wanao. Anza hivi: "Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe, asanteni. Tumekuja kwa vifungu vitatu: cha 14, cha 22 na cha 31. Naanza na cha 14, ukurasa wa pili wa waraka wetu." Kisha sema mswada unataka nini, utamfanya nini mtu mmoja halisi mnayemjua (bila kumtaja jina), na mnapendekeza nini. Nenda kinachofuata. Mkiwa wawili, mmoja azungumze na mwenzake amtafutie kurasa. Mkiwa wanne, kila mmoja atataka kusalimia na muda utakwisha.

Usimshambulie waziri wala mbunge aliyeleta mswada, hata kama kila mtu chumbani anamcheka moyoni. Wabunge hugombana wao kwa wao na kupatana kwenye chai. Mgeni akimtukana mwenzao hukaza mkono pamoja.

Maswali

Utaulizwa unamwakilisha nani, na kwa uthibitisho gani. Beba cheti cha usajili na kumbukumbu za mkutano uliokutuma. Utaambiwa kwamba wizara imesema kinyume chako. Jibu kwa kile unachokijua wewe, usibishane na ripoti ambayo hujaisoma. Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui na kwamba utakileta kwa maandishi kufikia siku fulani. Kisha ukilete. Kamati husahau ahadi za wengi, na humkumbuka anayetimiza.

Swali gumu kuliko yote ni hili: "Tukikataa kukifuta, mtaishi na nini?" Wengi hubabaika hapa, wakiona kujibu ni kujisaliti. Liwe limeshajibiwa nyumbani. Pengine ni muda wa miaka miwili kabla ya kifungu kuanza kutumika, au adhabu ya faini badala ya kifungo, au kiwango cha chini kabla ya leseni kuhitajika. Kubalianeni kabla, mwe na maneno yake tayari kwenye karatasi, lakini msiyatoe hadi mtakapoulizwa.

Jambo tofauti ni kuitwa kwa samansi. Ibara ya 125 inazipa kamati mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kumlazimisha shahidi kufika, kumhoji kwa kiapo na kudai nyaraka. Ukipokea wito wa aina hiyo, usiuweke kwenye droo. Nenda na wakili, beba hati zote zilizotajwa, na kumbuka kwamba kusema uongo mbele ya kamati ni kosa.

Baada ya kikao

Ndani ya siku mbili, andika barua fupi kwa karani wa kamati: mshukuru, ambatisha mliyoahidi, rudia nambari za vifungu. Halafu subiri ripoti. Ikiwekwa mezani Bungeni inakuwa ya umma. Tafuta jedwali, tafuta jina lenu, soma kamati imesema nini mbele ya kila pendekezo.

Mkikubaliwa, msisherehekee. Ripoti ya kamati si sheria. Marekebisho hupigiwa kura kifungu kwa kifungu kwenye Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, baada ya mswada kusomwa mara ya pili, na pendekezo zuri laweza kuanguka kwa sababu tu hakuna aliyesimama kulitetea. Mpigieni mbunge wenu. Mkikataliwa, bado kuna njia: mbunge yeyote anaweza kuleta marekebisho hatua hiyo, kwa hiyo mpelekeeni safu ya tatu ileile.

Je, kamati inalazimika kueleza kwa nini imewakataa? Mahakama ya Rufaa, tarehe 31 Julai 2024, iliitupa Sheria ya Fedha ya 2023, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya watu. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo. Kwa sasa, basi, msitegemee kushinda kwa hoja hiyo peke yake. Lakini zoezi likiwa la bandia kabisa mahakama huingilia: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kukosa ushirikishwaji wa umma, ikasema bunge la kaunti lilipaswa kutumia makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio kuwafikia watu. Mkifika huko, ushahidi wenu utakuwa ile picha ya tangazo, nakala yenye muhuri, na jedwali. Ndiyo maana ya kuhifadhi karatasi.

Ikiwa sheria imeshapita

Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria, na haihitaji kuwe na mswada mezani wala tangazo gazetini. Ombi hili lina umbo lake, na hurudishwa likikosea. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta. Lieleze jambo lenyewe. Liseme ni ofisi gani mmeshaiendea na ikashindwa au ikanyamaza. Liseme kama jambo hilo liko mahakamani au la. Mwishoni liseme waziwazi mnaomba Bunge lifanye nini, kisha majina, anwani, nambari za vitambulisho, na sahihi au dole gumba.

Sehemu ya ofisi mlizoziendea ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu walizungumza kwa simu na hawana barua hata moja. Kwa hiyo kabla ya kuandika ombi, andikeni barua kwa ofisi inayohusika, mpate muhuri wa kupokelewa, mwipe muda wa kujibu. Ikijibu vizuri, mmeokoa safari. Isipojibu, nakala hiyo yenye muhuri ndiyo kiambatisho cha kwanza cha ombi lenu, na kamati ina siku zilizowekwa na Kanuni za Kudumu za kulijibu tangu lilipokabidhiwa kwake. Andikeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya chama.